Je, wajua kwanini koleasi inageuka kijani ukishaiingiza ndani?

Mwaka juzi nilinunua koleasi, lile ua linalopandwa kwa ajili ya majani yake ya rangi, kwenye kitalu cha pembeni ya barabara, mche mmoja ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi, elfu tano, na nilivyoiona tu nikajua hii tunarudi nayo nyumbani. Katikati ya jani pinki kali, ikizungukwa na damu ya mzee, halafu pembeni kabisa kamstari ka kijani kenye menomeno kama msumeno. Nikaiweka sebuleni juu ya kabati la tivii maana hapo ndipo wageni wanaangalia, nikaipiga picha, nikaweka status, watu wakapenda.

Baada ya wiki sita hivi shangazi akaja kutoka Arua. Amekaa, amekunywa chai, akauliza, "Na lile ua lako la rangi la kwenye simu liko wapi?" Lilikuwa mbele yake. Ila sasa lilikuwa refu, jembamba kama mtu aliyetoka kuumwa, majani ya juu yote kijani-kijani chenye uchafu wa zambarau kwa mbali.

Hili linawapata wengi sana hapa Kampala na jibu la kwanza la watu ni kwamba muuzaji kawapiga, eti wale wa vitaluni wanapuliza rangi majani. Hapana bana. Mche ni ule ule. Kilichobadilika ni mwanga, na ukielewa mwanga unafanya nini ndani ya hilo jani basi nusu ya kutunza koleasi umemaliza.

Anza na hili: jani jekundu la koleasi si jekundu tu. Chini ya ule wekundu kuna kijani. Mimi nilikuwa naambiwa siamini mpaka nikajaribu jikoni. Chukua jani moja, lile la damu ya mzee, liingize kwenye maji yanayochemka dakika chache (tumia kikopo cha zamani, si sufuria ya chai, na hayo maji usinywe). Utaona wekundu unatoka, unahamia kwenye maji, na jani linabaki kijani kabisa kama sukuma ya jana. La kwangu pale katikati palipokuwa pinki pakabaki peupe kama karatasi. Halafu nikakamulia ndimu kwenye yale maji, yakawaka wekundu, nikaweka magadi kidogo kwenye glasi nyingine, yakageuka rangi ya ajabu ya kijani chafu. Watoto wa jirani walidhani nimeanza uganga.

Hiyo rangi inayotoka inaitwa anthosianini, ni jamii ile ile inayofanya karkade, kile kinywaji cha maua, iwe nyekundu, ile wanayouza ndugu zetu Wanubi na Wasudani. Inayeyuka kwenye maji ndiyo maana ilitoka. Kijani chenyewe ni klorofili, hiyo haiyeyuki kwenye maji ikabaki, na hiyo ndiyo inapikia mmea chakula kwa kutumia mwanga. Kama ulisoma biolojia sekondari unakumbuka ile praktiko ya kuchemsha jani kwenye spriti halafu unadondoshea ayodini? Majani yenye mabaka kama ya koleasi yanatumika sana kwenye hiyo, kwa sababu palipokuwa kijani panageuka bluu-nyeusi maana kuna wanga, na palipokuwa peupe panabaki kahawia tu, hakuna kitu. Yaani ile sehemu nyeupe au ya njano ya jani haijipikii, inalishwa na majirani zake wa kijani. Ni mgeni wa kudumu.

Sasa anthosianini ina kazi gani? Kazi yake mojawapo ni kukinga. Jua likiwa kali, klorofili inapokea mwanga mwingi kuliko inaoweza kutumia na huo mwanga wa ziada unaiumiza, so mmea unavaa kofia, unatandika wekundu juu ya kijani. Ukiutoa kwenye mwanga ukauweka juu ya kabati la tivii, majani mapya yanaota yanajikuta gizani, kofia ya nini gizani? Kutengeneza anthosianini kuna gharama, mmea unaacha, unaongeza klorofili ili uokoteze kamwanga kadogo kaliopo, na unarefuka unatafuta dirisha. Kwa hiyo ukiona koleasi yako imekuwa kijani na ndefu yenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, hiyo si uzee wala si uchawi wa wenye nyumba. Ina njaa ya mwanga.

Utasema lakini sebule yangu ina mwanga wa kutosha, nasoma gazeti bila taa. Macho yanakudanganya. Nje jua la saa sita mchana wazi ni kama lux 100,000 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na sebule ya kawaida mbali na dirisha ni lux mia chache tu. Jicho lako linajirekebisha, huoni tofauti, koleasi inaiona yote.

Na hapa ndipo ushauri wa kwenye intaneti unatupoteza sisi. Ukitafuta vidio za kutunza koleasi wengi wanakuambia weka dirisha la kusini. Huyo anaongea akiwa Uingereza au Marekani, kwao jua mwaka mzima linapita upande wa kusini wa anga. Sisi Kampala tuko digrii 0.3 tu kaskazini ya ikweta, jua letu saa sita linakuwa karibu utosini, mwezi wa sita linaegemea kaskazini kidogo, mwezi wa kumi na mbili kusini kidogo, na kwa sababu liko juu hivyo paa na baraza vinalizuia, haliingii ndani. Dirisha letu la maana ni la mashariki na la magharibi. La mashariki ndilo zuri, linapata jua la asubuhi ambalo bado jororo, mwaka mzima, halibadiliki. La magharibi pia poa lakini jua la saa tisa linachoma, weka pazia jepesi. Hata hili la kusema koleasi ni mmea wa mwaka mmoja unakufa, hayo ni ya kwao, kwao baridi ya barafu inaua. Asili yake ni kule Asia ya kusini-mashariki mpaka Australia, nchi za joto, kwetu inaweza kuishi miaka. Labda aliye Kabale kule milimani ndiye aangalie, usiku wa kule ukishuka karibu nyuzi 10 koleasi inanuna, usiilaze nje.

Ila usikimbilie upande wa pili. Mimi baada ya maneno ya shangazi nilichukua ile koleasi iliyokonda nikaitoa moja kwa moja mpaka kwenye saruji mbele ya mlango, juani kabisa, nikaenda kazini. Jioni nakuta majani yamepauka kama nguo iliyolowekwa na jiki, kingo zimekauka kahawia. Kumbe jani lililoota gizani halina ile kofia, linaungua. Inatakiwa uizoeshe, siku chache kivulini kwa nje, halafu jua la asubuhi kwa muda wa saa moja hivi kila siku, baada ya wiki moja au mbili majani mapya yanayotoka ndiyo yatakuja na rangi. Yale ya zamani usiyategemee sana. Na aina zinatofautiana, zile za majani meusi mazito za siku hizi zinavumilia jua, za majani ya njano na meupe zinaungua haraka.

Maji sasa. Koleasi ina drama, ikikosa maji inalala chini yote kama imekufa, unamwagilia, baada ya saa moja au mbili imesimama kama hakuna kilichotokea. Hiyo isikutishe. Ya kutisha ni ile inayolala na udongo umelowa, hapo mizizi imeoza na watu ndiyo kwanza wanaongeza maji. Ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia, juu pakiwa pamekauka mwagilia, la sivyo acha. Msimu wa mvua, mwezi wa tatu mpaka wa tano na ule wa tisa mpaka wa kumi na moja, ya nje unaweza usiiguse kabisa. Chombo kiwe na matundu chini, nilishaona watu wanapanda kwenye ndoo ya rangi nzima-nzima halafu wanalia. Udongo mweusi changanya na mchanga na nakavundira (mboji) iliyooza vizuri, inatosha. Mbolea ya dukani ukizidisha, hasa ile ya kukuzia mahindi, unapata majani makubwa ya kijani, rangi inafifia, umerudi pale pale.

Kitu ambacho wengi wanaogopa ni kukata. Ile ncha ya juu ya koleasi inatengeneza homoni inayoshuka chini kuyaambia machipukizi ya pembeni yalale, ndiyo maana isipokatwa inakwenda juu tu kama mlingoti. Ukiifinya ncha kwa kucha, machipukizi mawili chini yake yanaamka, unapata matawi mawili, yakikua unafinya tena, manne, ndani ya miezi miwili mitatu una kichaka. Na ikitoa yale maua yake ya bluu kama mkia, toa. Najua yanavutia nyuki, lakini koleasi ikishaanza kufikiria mbegu haina tena muda na majani.

Ulichokata usitupe. Kata kipande kama urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, chini ya pale majani yanapoota, vua majani ya chini, tumbukiza kwenye chupa yenye maji dirishani. Ukishika hilo shina utasikia lina pembe nne, gusa na la mrehani au nanaa au mujaaja, utaona ni hivyo hivyo, ni ukoo mmoja. Linnaeus mwenyewe, yule mtaalamu wa Sweden aliyeipa mimea majina ya kisayansi, mwaka 1763 aliiandika kama aina ya mrehani, baadaye ikabadilishwa majina mara kadhaa, siku hizi inaitwa Coleus scutellarioides, lakini usishangae ukikuta bado wanaandika Solenostemon au Plectranthus, ni yeye. Ndani ya wiki moja au mbili mizizi myeupe inatoka, ikifika sentimita tatu nne panda.

Kipande hicho kitakuwa sawasawa na mama yake. Mbegu ndiyo kamari, kila mche unakuja na sura yake, wengine wazuri wengine kama magugu. Na mara moja moja tawi moja tu linabadilika lenyewe, linakuja na rangi ambayo mmea mzima hauna, hilo likate haraka ulioteshe peke yake, aina nyingi zinazouzwa zilianza hivyo hivyo.

Wadudu si wengi. Angalia tu kwenye makwapa ya majani, ukiona vitu vyeupe kama pamba vimejificha, futa na pamba yenye spriti, rudia baada ya siku chache maana wanarudi. Nzi weupe, maji ya sabuni. Na kama una paka wa kutafuna-tafuna weka juu, inaweza kumtapisha.

Shangazi aliporudi Arua nilimpa vipande viwili ndani ya chupa ya maji, alivishika mkononi kwenye basi safari nzima. Kimoja kilikufa. Kingine alikipanda nyuma ya nyumba upande wa asubuhi, na mwezi uliopita kanitumia picha, jani limejaa damu ya mzee, pinki inawaka katikati, kijani unakitafuta. Yangu ambayo ndiyo mama yake iko dirishani hapa, imerudi rangi lakini haijafika pale. Ameandika chini ya picha, "Nikuletee mbegu?"