Ushahidi katika maabara na katika tamthilia: kwa wanaosoma sayansi pamoja na fasihi ya Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari anayechagua sayansi na fasihi ya Kiingereza kwa pamoja huambiwa kwamba amechanganya vitu visivyopikika chungu kimoja. Sisi tunaosahihisha kazi za masomo haya tunaona jambo jingine: alama hupotea pande zote mbili kwa kosa lilelile. Mwanafunzi hurukia hitimisho kabla ya kuonyesha alichokiona.

Chukua jaribio la kupima wanga kwenye jani. Mmea huwekwa gizani kwa saa 24 hadi 48 ili umalize wanga uliokuwa nao. Kisha sehemu ya jani hufunikwa kwa karatasi nyeusi na mmea huanikwa juani kwa saa kadhaa. Jani hilo huchemshwa kwenye maji, hutiwa ndani ya ethanoli ya moto ili klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani, itoke, husuuzwa, halafu hudondoshewa iodini, kimiminika kinachobadilika rangi kikikuta wanga. (Ethanoli ipashwe ndani ya chombo cha maji ya moto, kamwe si juu ya mwali. Inashika moto upesi mno, na bado wapo wanaojaribu.)

Palipopata mwanga hugeuka bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Palipofunikwa hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Hapo wengi huandika kwenye safu ya matokeo: "Usanidinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) haukufanyika." Hilo si tokeo, kwa sababu hakuna jicho lililouona usanidinuru. Kilichoonekana ni rangi. Rangi inatuambia kwamba wanga haupo, na kwa kuwa mmea ulianza kwa kukaa gizani, tunaweza kusema wanga haukutengenezwa mahali pale. Hizo ni hatua tatu tofauti. Asiyeeleza kwa nini mmea ulifungiwa gizani hawezi kutetea hitimisho lake, maana wanga aliouona upande wenye mwanga huenda ulikuwepo tangu juzi.

Sasa fungua Macbeth ya Shakespeare, tendo la 5, onyesho la 1. Lady Macbeth anatembea usingizini huku akisugua mikono. Mtahiniwa huandika: "Amechanganyikiwa kwa sababu ya hatia," akahamia swali linalofuata. Huenda ni kweli, lakini ushahidi uko wapi? Upo mwingi. Baada ya mauaji ya mfalme Duncan, ambayo yeye na mumewe Macbeth waliyapanga, katika tendo la 2, mama huyuhuyu alimwambia mumewe kwamba maji kidogo yatawasafisha. Sasa mhudumu wake anasema amewahi kumwona akiosha mikono kwa robo saa nzima. Kisha tazama umbo la maneno. Mwanzoni alizungumza kwa mistari isiyo na vina, yenye mapigo matano ya sauti, kama wakuu wengine wa tamthilia hiyo. Hapa mpangilio huo umevunjika: anasema kwa nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, vipande vifupi vinavyoruka kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Anayeyataja haya ndipo anapopata haki ya kusema "hatia".

Onyesho lenyewe, kwa maoni yangu, ni somo zuri la maabara. Daktari amekesha usiku mara mbili bila kuona kitu, na anasema wazi kwamba bado hajaona ukweli wa taarifa aliyopewa. Mhudumu anakataa kurudia aliyoyasikia kwa kuwa hana shahidi wa kumthibitishia. Lady Macbeth anapoanza kusema, daktari anaamua kuandika maneno yake ili kumbukumbu isimpotee. Mwishoni anakiri kwamba ugonjwa huu umepita utaalamu wake.

Tofauti ipo, na isifichwe. Wasomaji wawili wanaweza kulitazama onyesho hilo, mmoja akaona majuto na mwingine akaona hofu ya kugunduliwa, na wote wakapata alama za juu iwapo kila mmoja ameshikilia maneno ya tamthilia. Kwenye jani hakuna nafasi hiyo. Wakibishana, watachukua mmea mwingine na kurudia jaribio.

Mzazi anayemtafutia mtoto kozi, iwe ya shuleni au ya ziada, aulize mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, wanafunzi hushika vifaa wenyewe au humtazama mwalimu akifanya jaribio mbele ya darasa? Pili, husoma tamthilia nzima au muhtasari wake? Muhtasari utamwambia mwanafunzi kwamba Lady Macbeth aliingiwa na hatia, lakini hautamwonyesha mistari ikivunjika. Kama kozi inasoma tamthilia nzima, aulize pia kama wanaisoma kwa sauti. Iliandikwa kwa ajili ya waigizaji, na badiliko kutoka ushairi kwenda nathari hunaswa na sikio mapema kuliko jicho.