Je, wajua kwa nini bitcoin ya kigogo haionekani kama nyumba yake ya Njiro?

Hapa Arusha ukiuliza mali za kigogo, mtu wa kijiweni anakuonyesha kwa kidole: lile ghorofa la Njiro, zile fremu za Kilombero. Bitcoin, sarafu ya kidijitali, haionyeshwi kwa kidole.

Mji huu una historia na jambo hili. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili, na mwenzi wake alihesabiwa humo humo. Masharti yakalegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ikaja na lugha nyingine: miliki, ila tamka. Kila mwaka kiongozi anajaza fomu ya mali na madeni na kuipeleka Sekretarieti ya Maadili.

Fomu hiyo inahakikiwa kwa sababu kila mali ina shahidi. Nyumba ina hati, gari lina kadi, fedha zina benki. Bitcoin je? Wengi hudhani imefichwa, kumbe kila muamala wake umo kwenye daftari ambalo yeyote mwenye intaneti analisoma. Kinachokosekana ni jina. Ufunguo wa mali yote waweza kuwa maneno 12 tu, yameandikwa kwenye kikaratasi na kukunjwa ndani ya Biblia au Msahafu. (Panya wakikitafuna na nakala hakuna, basi tena.)

Marekani waliliona hilo. Mwaka 2022 ofisi yao ya maadili ya serikali ilielekeza kwamba msamaha unaowaruhusu watumishi wenye hisa chache kushughulikia mambo yanayozigusa hauzihusu sarafu hizi. Ukiwa nazo, hata za bei ya kahawa na kashata, kaa kando kanuni inayoweza kugusa thamani yake inapoandaliwa. Naona wako sahihi, maana bei hizi huyumba kwa tamko moja.

Kwetu, Benki Kuu ilionya mwaka 2019 kwamba fedha halali ni shilingi; mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Fikiria ofisa aliyeiona rasimu ya kodi hiyo mapema, akauza zake. Daftari linaonyesha sarafu zilivyohama, saa na kiasi. Yeye mwenyewe huenda akaonekana siku akitaka shilingi, kwenye soko la mtandaoni lililomdai kitambulisho.