Kwa wenye hoteli wa Lubumbashi: wafanyakazi hawafuati mshahara peke yake

Kila Juni, mkutano wa madini unapokaribia na vyumba vya hoteli kujaa, meza yetu ya ukaguzi wa kazi hupokea malalamiko ya pande mbili. Mwenye hoteli analia kwamba mpishi ameondoka bila kuaga, na mpishi anadai siku zake hazikulipwa.

"Wamefuata pesa za kampuni za madini," tunaambiwa. Wapo waliozifuata. Lakini mhudumu mmoja wa mapokezi alitusimulia kwamba alikuwa akitoka zamu saa nne usiku na kutembea hadi Katuba, viatu vya kazi mkononi. Siku mgeni alipomtukana mbele ya watu, msimamizi alimwomba mgeni radhi. Yeye hakuulizwa hata neno. Mwezi uliofuata alihamia hoteli yenye mshahara uleule, ila ina gari la kuwarudisha watu nyumbani usiku. Robert Eisenberger na wenzake, watafiti wa Marekani, walilieleza hili mwaka 1986: mtu akiona mwajiri anamjali, naye huishika kazi kwa moyo.

Matibabu ya mfanyakazi na familia yake si zawadi ya tajiri. Ni wajibu wa mwajiri kisheria.

Tena, tafadhali, tuache kusema "huyu ni kibarua tu, hana mkataba". Sheria ya Kazi ya 2002 iko wazi: kibarua aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, amekuwa mfanyakazi wa mkataba usio na kikomo. Kumwachisha kunahitaji sababu halali na notisi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Wa miaka minne anastahili siku 42. Akiondoka mwenyewe, anadaiwa nusu, yaani 21. Ndugu wafanyakazi, hili linawahusu pia. Nawe mwenye hoteli, ukimfukuza mtu bila sababu halali, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 36.

Mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri wake huanzia kwa mkaguzi wa kazi, kwa usuluhishi. Mahakama ya Kazi haipokei faili ambalo halijapita hapo. Njooni na mkataba kama upo, hati za mshahara na daftari la zamu.