Fungu la "mengine" ndilo linalomaliza mshahara

Mama mmoja alikuja kwenye mafunzo yetu ya akiba hapa Lubumbashi na daftari safi kabisa: chakula, nyumba, masomo, mengine. Mwisho wa mwezi "mengine" ilikuwa imekula kuliko chakula. Tukaketi naye kuichambua. Humo mlikuwa na makala (mkaa wa kupikia), nauli ya bisi, sabuni, kredi ya simu, na mchango wa matanga mara mbili. Mambo ya kila nyumba, ila hakuna aliyekuwa ameyapa jina.

Ndiyo sababu tunawaomba watu wasianze na mafungu ya vitabuni. Kwa wiki mbili andika kila franga inayotoka, hata ya nyanya, kisha yale yanayojirudia uyape kila moja mstari wake.

Chukua makala. Anayenunua kila siku pakiti mbili, kila moja franga 1,000, ametoa franga 60,000 kwa siku 30, na hakuna siku aliyohisi kwamba ametoa pesa nyingi. Akiiona jumla hiyo ndipo atauliza bei ya gunia, au atapatana na jirani wagawane moja. Na anunue kabla ya mvua za Novemba, maana njia za porini zikiharibika makala yanapanda.

Unga wa bukari (ugali) nao una kalenda yake. Mahindi mapya huanza kuingia kama Machi na Aprili, kwa hiyo Januari na Februari mfuko unalia. Tena mahindi mengi yanatufikia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa: huko kukikwama, bei ya meka (kipimo cha unga sokoni) pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, haichelewi kupanda. Usiliandikie fungu la unga kiasi kilekile mwaka mzima. Bei ikishuka baada ya mavuno, kile kinachobaki kiwekee miezi ile migumu.

Masomo ni rahisi kidogo. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini minervali (ada) ya sekondari, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Jumlisha yote, gawa kwa 12.

Matanga ndiyo yanayoleta ubishi. Watu huniambia kifo hakipangwi. Kweli, ila tazama mwaka uliopita ulichanga mara ngapi, utaona hesabu haiko mbali. Mwezi usio na msiba, pesa ile ilale palepale, isihamie kwenye bia (samahani, wababa).

Halafu kuna kodi. Wenye nyumba wengi wanaitaka kwa dola, nawe pengine unalipwa kwa franga. Iandike kwa dola, na siku ya mshahara pita kwanza kwa mbadilisha pesa kabla hujapita sokoni. Ukingoja hadi mwenye nyumba agonge mlango na dola imeshapanda, tofauti utaitoa kwenye unga.