Mtoto wa mashoto na hofu ya wazimu

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka sita. Tukiwa tunazungumza, mtoto alikuwa akichora mbuzi kwa mkono wa kushoto, na kila mara mama aliichukua kalamu akaihamishia kulia. Mwisho akasema kwa sauti ya chini: mjomba wake naye ni mashoto, na anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. "Daktari, si ndiyo dalili yenyewe?"

Siyo. Watu kama 10 katika kila 100 hutumia kushoto. Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Ni kweli mashoto wamezidi kidogo miongoni mwa wagonjwa hao, lakini mashoto walio wengi mno hawataugua kamwe.

Fikra ya kuunganisha mkono wa kushoto na skizofrenia haikuzuka hewani; inatokana na jinsi nusu mbili za ubongo zinavyogawana kazi. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpasua marehemu ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu, akakuta jeraha upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Wodini tunaliona hadi leo: kiharusi kikipooza mkono wa kulia, mara nyingi huondoka na maneno pia, kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoongoza mwili upande wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo inayobeba lugha. Hata kwa mashoto, kama 70 kati ya 100 lugha yao imekaa kushoto.

Daktari wa akili Mwingereza, Tim Crow, alikwenda mbali zaidi. Alidai skizofrenia ni gharama ambayo binadamu alilipa kwa kupata lugha, na akatafuta kinasaba kimoja cha mgawanyo huo wa ubongo kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) za X na Y. Wazo lake nalipenda kwa ujasiri wake, ila ushahidi umeelekea kwingine: utafiti wa 2022 ulionyesha maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, kila moja likichangia kidogo sana. Na pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima, ilhali vinasaba vyao ni vilevile.

Basi nikamwomba mama amwachie mtoto kalamu. Kisha nikamuuliza habari za mjomba: dawa anameza? Akanyamaza kidogo. Ameziacha tangu Ramadhani, akasema, na siku hizi halali, anazungumza peke yake usiku kucha. Tukapanga aje naye Jumanne.