Je, wajua kwa nini vifua vya watoto vilipungua wakati wa korona?

Mzazi wa Mombasa aliyekuwa akilea mtoto mchanga mwaka 2020 huenda anakumbuka kwamba miezi ile ya kafyu, wakati Mji wa Kale umefungwa na hakuna anayeruhusiwa kuingia wala kutoka, ilikuwa pia miezi ya nafuu kwa mafua na vifua vya watoto. Wengi husema ni kazi ya barakoa, lakini mtoto wa miezi minne havai barakoa. Basi alikingwa na nini?

Miongoni mwa virusi vinavyobana vifua vya watoto, vinavyoongoza ni vile viitwavyo kwa kifupi RSV. Karibu kila mtoto huwa ameshavipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wengi huwa ni makamasi na kikohozi tu, lakini kwa mtoto mchanga, ambaye vijia vyake vya hewa ni vyembamba mno, vijia hivyo huvimba na kuziba, akawa anapumua kwa kasi huku mbavu zikibonyea ndani. Hapa jirani Kilifi, kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti walifuatilia familia 47 kwa kuzipima mara kwa mara, wakaona kwamba mara nyingi anayevileta virusi hivi nyumbani ni kaka au dada anayekwenda shule. Naye mchanga hangoji kutolewa nje. Hupelekewa maradhi alipolala.

Kwa hiyo shule na vyuo vya Kurani vilipofungwa mwezi Machi 2020, njia kuu ya kumfikia mtoto mchanga ilikatika. Mwezi Aprili ukaja mpaka wa pili, pale safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zilipozuiwa, kwani virusi husafiri na abiria. Uzito wa mipaka ulionekana wazi zaidi Australia Magharibi: katika majira ya baridi ya mwaka 2020 RSV ilipungua kwa asilimia 98 miongoni mwa watoto, ingawa shule zilikuwa zimeshafunguliwa, yaelekea kwa sababu wasafiri walikuwa wamezuiwa.

Hata hivyo, si virusi vyote vilivyotii. Rinovirusi, vinavyosababisha mafua ya kawaida, viliendelea kuzunguka katika nchi nyingi. Sababu moja imo katika umbo lao: RSV na influenza vimefunikwa na utando wa mafuta, ambao sabuni na kitakasa mikono huuvunja kwa urahisi, ilhali rinovirusi havina utando huo, na hudumu zaidi mikononi na juu ya vitu.

La kustaajabisha zaidi, nami naona halijasemwa vya kutosha, ni habari ya nimonia. Bakteria aina ya pneumokokasi, ambao huweza kuleta nimonia, hukaa puani mwa watoto wengi bila kuwadhuru. Nchini Israeli watoto waliendelea kubeba bakteria hao karibu kama kawaida, lakini maradhi yatokanayo nao yalishuka sana. Maelezo yenye nguvu ni kwamba virusi ndivyo huchubua njia ya hewa na kumfungulia bakteria mlango. Virusi vilipoadimika, mlango ukabaki umefungwa.

Kisha RSV vikarudi. Australia Magharibi ilivipata mwishoni mwa 2020, wakati wa joto, nje kabisa ya msimu wake. New Zealand ikapigwa na wimbi kubwa katikati ya 2021, baada ya kufungua safari na Australia. Waliougua safari hii walikuwa pamoja na watoto wakubwa kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu watoto walikuwa wamekua mwaka mzima bila kukutana na virusi hivyo. Mama pia, kwa kutoambukizwa upya, huwa na kingamwili chache za kumpitishia mwanawe kupitia kondo la nyuma.

Njia hiyo ya kondo ndiyo inayotumiwa sasa na chanjo ya RSV apewayo mjamzito katika miezi ya mwisho, ili mtoto azaliwe na kingamwili tayari. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote ziwakinge watoto wachanga, ama kwa chanjo hiyo ya mama, ama kwa sindano ya kingamwili anayodungwa mtoto mwenyewe, huku kaka na dada zake wakiendelea kwenda shule.