Mhindi na Mhindu si mtu mmoja

Asubuhi ya Idi nilikuwa Biashara Street, Mombasa, nikitafuta leso niliyopaswa kuinunua tangu kumi la mwisho la Ramadhani. Mtaa mzima makufuli. Mama mmoja aliyekuja kwa haja kama yangu akasonya: "Hawa Wahindu nao! Wamefunga wote, eti Idi."

Wahindu wamefunga kwa ajili ya Idi. Redioni nimelizoea kosa hili, lakini siku ile lilinikaa kooni.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi, dini yake iwe yoyote. Mhindu ni mfuasi wa Uhindu, kwao kuwe kokote. Uhindu hauna mwasisi mmoja wala kitabu kimoja. Maandiko yake ya kale kabisa ni Veda nne, zilizopokezanwa kwa mdomo karne nyingi kabla ya kuandikwa. Rigveda, kongwe yao, inakadiriwa ilitungwa kati ya 1500 na 1000 K.K. Wako wanaomwelekea Vishnu, wako wa Shiva, wako wa Devi, mungu mama. Wengi wanaamini kwamba matendo yana malipo, ndiyo karma, na kwamba roho huzaliwa tena na tena, kama mtu avuaye nguo chakavu akavaa mpya, isemavyo Bhagavad Gita, mpaka ifunguke kwenye mzunguko huo. Kwa leo hayo yanatosha, maana kinachoniwasha ni ile herufi ya mwisho.

Maneno yote mawili yametoka mtoni. Mto ambao leo sehemu yake kubwa imo Pakistan uliitwa Sindhu kwa Kisanskriti. Waajemi wa kale, penye s hiyo, walitamka h: saba kwa Kisanskriti ni sapta, kwao hapta. Sindhu ikawa Hindu. Yapata mwaka 500 K.K. mfalme wao Dario alilichonga jina hilo maweni kati ya majimbo yake. Halikuwa na dini ndani yake hata chembe. Lilikuwa jina la mahali. Wagiriki wakaidondosha h, wakapata Indos, ndimo ilimotoka India. Waarabu wakasema Hind, na mtu wa huko Hindi, kwa ile i yao ya nisba, inayomtaja mtu kwa kwao, na sisi tukachukua kwao: Mhindi, Bahari ya Hindi, na hata mahindi, ingawa zao lenyewe asili yake ni Amerika. Sijasikia mtu akisema Bahari ya Hindu, wala ugali wa mahindu.

Hindu kama jina la dini lilikuja baadaye sana, na kwa Kiingereza lilienea mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19. Wenyewe wana jina lao, Sanatana Dharma, yaani njia ya milele.

Ajabu ni kwamba wazee wa pwani walitofautisha vizuri kuliko sisi tuliosoma. Mhindu walimwita Baniani, kutokana na vaniya, tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat. Ndiye yule mbaya ambaye kiatu chake dawa. (Siku hizi neno hilo lina ukali, sikuombi ulifufue.) Wengine walitajwa kwa jamaa zao: Bohora na Khoja, ambao ni Waislamu, Kalasinga, ndiye Sikh, na Mgoa, Mkristo wa Goa. Enzi za Seyyid Said forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Jairam Sewji, mtu wa Kutch huko Gujarat, Mhindu. Baadaye iliwahi kushikwa na Tharia Topan, naye wa Kutch vilevile, ila yeye alikuwa Khoja, Mwislamu wa Kiismailia. Wahindi wawili, Mhindu mmoja.

Kosa lina upande wake wa pili pia. "Wahindi huchoma maiti," watu husema. Alipofariki jirani yetu mmoja Bohora, vijana wa mtaa walikaa kibarazani wakiulizana kuni zitaletwa saa ngapi. Jeneza likatoka, likaswaliwa, likaenda makaburini. Kuchoma maiti ni desturi ya Kihindu. Na Mhindu naye si lazima awe Mhindi: wenyeji wengi wa kisiwa cha Bali, Indonesia, ni Wahindu, na Nepal ndiyo dini ya walio wengi.

Basi nikamgeukia yule mama. "Ni Wahindi, mama, si Wahindu. Mwenye duka hili yuko msikitini."

Akanitazama, akalitazama kufuli. "Haya, Mhindi. Na huyo Mhindu wako, duka lake liko wapi? Maana yeye leo hana Idi."

Nikamwonyesha, duka la tatu baada ya kona. Lilikuwa wazi.